Umeme au intaneti ya nyumba ya nyuma inasumbua? Weka jembe chini kwanza

Wakuu, nianze na mjusi. Kuna mzee mmoja hapa Tororo, Uganda, askari mstaafu, ana boizi kota, yaani nyumba ndogo, nyuma ya nyumba yake kama mita 40 hivi, sasa siku ya pili ya mvua breka ya huko ikaanguka ikakataa kupanda, akaita vijana wawili na majembe wakafukua mtaro mzima, wakaanzia ukuta wa nyumba kubwa, wakapita chini ya muembe, wakakata mizizi, mpaka wakafika. Kebo ilikuwa safi kama siku ilipozikwa. Mimi nilipofika nikafungua kiboksi cha ukutani pale boizi kota nikakuta mjusi ameungulia kati ya layini (waya wa moto) na eathi (waya wa ardhini), mkia umenasa kwenye skrubu. Dakika tano kazi imeisha. Mzee aliniangalia mimi, alafu akaangalia ule mtaro, hakusema kitu.

Ndo maana naandika. Kebo za chini zinaharibika mara nyingi kwenye ncha zake, au kwenye jointi ambayo mtu aliifanya akaifukia akaenda zake. Katikati ya kebo, pale ambapo kila mtu anakimbilia kuchimba, ni mara chache sana. Kwa hiyo nimepanga kwa dalili, angalia yako iko wapi, na kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo sana.

Kabla hujagusa chochote

Zima meini swichi, sio breka tu, maana breka ya kawaida inakata layini peke yake na nyutro, waya wa kurudisha moto, inabaki imeunganika. Funga kofuli kama DB, lile boksi la breka, inafungika, kama haifungiki mweke mtu pale, na mwambie kila mtu nyumbani hasa yule mpangaji ambaye akiona giza tu anakimbilia kupandisha breka. Afu pima kwa mita kama kweli moto haupo. Kile kitesta cha bisibisi kinachowaka taa usikiamini peke yake, kinaweza kukaa kimya na moto upo.

Mita ya Yaka, ile ya kulipia kabla, na waya zinazoingia pale si zako. Ni za UEDCL siku hizi, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, maana kampuni ya Umeme mkataba wao uliisha mwisho wa Machi 2025, lakini sili ni sili, usiiguse. Na kwa Uganda kazi yenyewe ya wayaringi ni ya fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme, muombe akuonyeshe. Wewe unaweza kuangalia, kuzima, kuchomoa vitu, kuhangaika na waya wa intaneti. Kufungua DB na kukata kebo muachie yeye.

Nyumba ya nyuma giza, nyumba kubwa iko sawa

Anza na ya kijinga: breka inayopeleka huko imeanguka? Na kama huko nyuma kuna mita yao ndogo ya wapangaji, je yuniti zimeisha? Nimeshasafirishwa na boda mpaka Malaba kwa sababu ya yuniti, na nauli nikalipwa shingo upande.

Kama breka imesimama na bado giza, sababu ya kwanza ni waya uliolegea kwenye teminali, upande mmoja wapo. Skrubu ilikazwa nusu, waya ukapata moto ukapoa, ukapata moto ukapoa, siku moja ukaachia. Meini ikiwa imezimwa utaona plastiki imebadilika rangi au unasikia harufu ya kuungua pale kwenye kiboksi.

Ya pili ni nyutro kukatika, na hii inachanganya sana watu. Dalili yake ni kwamba hakuna kinachowaka lakini kitesta kinawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi, la layini na la nyutro. Watu wanasema "moto umezidi". Haujazidi, ni kwamba kuna taa au kitu kimeachwa on na moto unapita ndani yake unarudi kwenye ule waya uliokatika unakaa pale unasubiri mtu. Hapo usiguse waya wowote eti kwa sababu ni wa nyutro.

Ya tatu ndo kebo kukatwa. Jiulize nani amechimba mwezi huu: migomba mipya, nguzo ya fensi, shimo la choo, paipu ya maji. Kama kuna udongo uliofukuliwa karibuni juu ya njia ya kebo umeshapata jibu bila mita. Na kama umeona kebo imekatwa na iko wazi, zima meini, zuia watoto na mbuzi wasifike, usiivute kwa mkono hata kama umeambiwa imezimwa.

Mvua ikinyesha RCD inatripu

Hii ndo ninayoitiwa kuliko zote, mwezi wa tatu mpaka wa tano, afu tena mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja simu haipumziki. Jua likitoka siku mbili inakaa sawa, mwenye nyumba anasahau, mvua inarudi.

RCD ni ile swichi ya usalama kwenye DB. Ya milliampia 30 inafananisha moto unaotoka na unaorudi, ukipungua kidogo inakata. Sasa inapungua wapi, fanya hivi. Chomoa kila kitu nyumba ya nyuma, kuchomoa kabisa kwenye soketi, pasi, fridji, birika, chaja, vyote. Pandisha RCD. Ikikaa, rudisha kimoja kimoja mpaka umjue mchawi, mara nyingi ni pasi ya zamani au birika. Ikikataa, zima meini swichi ya kule nyuma, ile inayokata layini na nyutro zote mbili, ujaribu tena. Ikikaa sasa, kosa liko kwenye wayaringi ya ndani ya boizi kota au ile taa ya nje juu ya mlango, hizo taa zinajaa maji kama kikombe. Ikikataa bado, hapo ndo tunaongelea kebo na viboksi vyake.

Angalia hapa: kama huko nyuma kuna breka ndogo tu bila meini swichi ya kukata waya zote mbili, jaribio hilo linakudanganya. Nyutro ikigusana na eathi, RCD itaendelea kutripu hata kama breka zote zimeshushwa. Mafundi wengi wamechimba bure hapo.

Sasa kwa mpangilio. Kwanza viboksi vya ncha: paipu imetoka ardhini ikaingia kwenye kiboksi bila kuzibwa, maji na mijusi na siafu wote wanapita humo. Pili, jointi ya tepu nyeusi iliyozikwa. Yaani mtu alinunua kebo ya mita 30, njia ni mita 38, akaongeza kipande, akasokota, akazungusha tepu, akaweka na mfuko wa plastiki wa sukari juu kwa usalama zaidi, akafukia. Tepu ile haizuii maji ya ardhini, inayachelewesha tu, mwaka mmoja, miwili. Tatu, kebo yenyewe si ya kuzikwa, ni ile bapa nyeupe au ya kijivu ya ndani ya nyumba, imetupwa kwenye mtaro bila hata paipu. Ganda lake ni laini, mchwa wanalitoboa, panya wakipata njia ya kuingia wanatafuna, na kokoto zinalibonyeza kila gari likipita juu. Ya kuzikwa ni kebo ya amadi, ile nyeusi yenye nyuzi za chuma zimezunguka ndani.

Fundi akija muombe apime kwa mega, ile mita ya kupima kama ganda la waya linavujisha moto. Atachomoa kebo ncha zote mbili, aipe volti 500, layini na nyutro, layini na eathi, nyutro na eathi. Kebo isiyo na kosa inatoa mamia ya megaohm. Chini ya megaohm 1 haifai kurudishwa. Na apime siku ya mvua kama inawezekana, kuna kebo inasoma vizuri kiangazi afu mvua ikinyesha inashuka mpaka karibu na sifuri, hiyo ni jointi inayokunywa maji, hamna haja ya kubishana. Mtu akikwambia dawa ni kutoa RCD au kuipita pembeni kwa waya, msindikize mpaka getini.

Taa zinafifia ukiwasha kitu kikubwa

Mama mmoja analea vifaranga kwenye banda mita 60 kutoka nyumbani, taa nane za joto za wati 250, jumla wati 2000, kama ampia 8 na kitu. Kebo ni ya 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5. Analalamika vifaranga wanalundikana usiku kwa baridi na taa ziko on.

Kebo ya 2.5 inapoteza kama millivolti 18 kwa kila ampia kwa kila mita. Kwa ampia 8.3 na mita 60 unapoteza volti 9. Hiyo ni kama asilimia 4 ya 240, bado inavumilika. Lakini pale bandani tulipima tukapata upungufu wa volti 34. Hesabu haikubali, sasa volti 25 za ziada zimeenda wapi? Zimebaki kwenye jointi mbovu. Volti 25 mara ampia 8 ni wati 200 zinachemka ndani ya tepu, chini ya ardhi, usiku kucha. Hapo tulizima palepale, vifaranga wakahamishiwa stoo na majiko ya mkaa yakawekwa nje ya mlango mpaka yawe mekundu bila moshi ndo yakaingizwa, na hata hivyo madirisha tuliyaacha wazi na hakuna mtu aliyelala humo, maana moshi usioonekana wa mkaa unaua.

Unavyopima wewe: mita kwenye soketi ya nyuma bila mzigo, andika. Washa mzigo, andika. Mwingine apime nyumba kubwa wakati huohuo. Nyumba zote mbili zikishuka pamoja, tatizo ni la layini ya mtaani, saa mbili usiku kila mtu anapika. Ikishuka ya nyuma peke yake kidogo kama hesabu inavyosema, kebo ni nyembamba kwa mzigo wako, kebo ya 10 kwa umbali huo ingepoteza volti 2 na kitu tu. Ikishuka sana kuliko hesabu, ni jointi au teminali inaungua, acha kutumia, ita fundi.

Kuna kitu kingine kinachofanana na hiki lakini ni hatari zaidi. Kama una fezi tatu, labda una mashine ya kusaga huko nyuma, na ghafla taa nyingine zinafifia huku nyingine zinawaka kama jua na kupasuka, nyutro ya meini imeachia. Volti zinaweza kupanda kuelekea 415 kwenye vitu vya 240. Zima meini sasa hivi, maswali baadaye.

Yaka inaisha na hatujatumia

Zima na chomoa kila kitu nyumba zote mbili, nenda ukaangalie kitaa cha mita kinachokonyeza. Bado kinakonyeza? Shusha breka inayopeleka nyuma. Kikiacha, moto unaenda njiani. Labda kuna mtu kajiunga kwenye kebo, usicheke, nimekuta. Au kebo inavuja ardhini, na kama hakuna RCD hakuna kitakachokwambia, breka ya ampia 20 haioni uvujaji wa ampia 2. Ampia 2 tu mchana na usiku ni karibu yuniti 11 na nusu kila siku zinanywesha udongo.

Ila pesa ndo tatizo dogo. Udongo ule karibu na kosa una moto, ukiwa umelowa na mtu yuko pekupeku, au ng'ombe amefungwa pale, ni msiba. Shusha breka ibaki chini mpaka kebo ipimwe.

Mabati, bomba au fremu ya mlango inapiga shoti

Hapa hakuna cha kujaribu. Toeni watu, vaeni viatu, zima meini nyumba kubwa, ita fundi leo. Usijaribu tena kwa mgongo wa mkono eti kuona kama bado.

Akija ataangalia kama eathi ilifika kabisa, maana wengi wanapitisha waya mbili tu wanaokoa pesa, au wanategemea zile nyuzi za chuma za amadi kuwa eathi wakati glandi, kile kishikio cha kebo kwenye kiboksi, imelegea na kutu imeshakula. Ataangalia na eathi rodi, ile fimbo ya chuma inayopigwa ardhini, nimeshakuta rodi imepigwa kwenye mwamba ikaingia futi moja, iliyobaki ikakatwa kwa msumeno ili ionekane imezama. Na usijipe moyo kwamba RCD ipo: kama eathi haipo, RCD inaweza kusubiri mpaka moto upite kwenye mwili wako ndo ione tofauti.

Intaneti haifiki, au inafika inakonda

Huku unaweza kuhangaika mwenyewe, waya wa data haukuui, isipokuwa umewekwa paipu moja na wa umeme. Kama uko paipu moja, usiuguse kabla hujazima meini, ganda likiyeyuka 240 inahamia kwenye data. Na baada ya hapo utenganishe, paipu mbili, zikae mbali angalau sentimita 30.

Taa ya poti haiwaki kabisa: adapta kwanza, afu badilisha kamba fupi za ncha zote mbili, afu krimpu upya plagi, yaani ibane upya kwenye waya. Mpangilio ni ule wa B: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tumia kitesta cha taa nane, kinauzwa rahisi.

Inawaka lakini imegoma kwenye kasi ya 100 wakati ruta ni ya giga: jozi moja imekufa. Mia inatosheka na waya nne, giga inataka zote nane. Mara nyingi ni plagi, sio waya.

Ilikuwa sawa, mvua imekuja inakatikakatika: umezika Cat5e ya ndani, ule waya wa data wa kijivu. Maji yakishaingia hayatoki, hata uanike. Badilisha, weka ya nje nyeusi yenye jeli. Na usizidishe mita 100 kutoka plagi mpaka plagi.

Kamera inazima usiku na kuwaka tena, mchana iko poa. Hii naipenda. Watu wanadhani ni wezi wanaichezea. Usiku kamera inawasha taa zake za infraredi, inataka moto zaidi kupitia waya huohuo wa data, na waya wako ni alumini iliyopakwa kopa juu. Kwaruza kwa kisu, ukiona ndani ni nyeupe kama bati umeuziwa hiyo. Weka waya ambao wote ni kopa, tatizo limekwisha.

Radi imepita, poti zimekufa ncha zote mbili

Sisi wa Tororo tunajua. Mji huu ulishaandikwa kwa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, wastani wa 1967 mpaka 1976, na mwaka huu sijaona dalili ya kupungua.

Si lazima radi ipige nyumba yako. Inapiga mti kule, ardhi chini ya nyumba kubwa inapanda volti maelfu, ardhi ya nyumba ya nyuma haijapanda sawa, na ile tofauti inatafuta njia fupi, inakuta waya wako wa kopa unaunganisha nyumba zote mbili. Ruta kwaheri, swichi kwaheri, wakati mwingine na TV. Kubadilisha ruta tu bila kubadilisha waya ni kulisha radi. Weka faiba, waya wa nyuzi za kioo, kioo hakipitishi umeme, ila chagua isiyo na waya wa chuma pembeni, zile za kuning'iniza kwenye nguzo nyingi zinao. Na vizuia sarji, vya kuzuia umeme unaoruka ghafla, kwenye DB zote mbili, vyenye eathi ya kweli. Mpaka upate hiyo faiba, chomoa kamba mawingu yakiwa bado mbali, ngurumo zikishaanza usiiguse.

Faiba ikigoma nayo: angalia kona kali, angalia plagi ya kijani imechomekwa kwenye kijani na bluu kwenye bluu, futa ncha kwa kitambaa chake. Tochi nyekundu ya faiba itakuonyesha pale ilipovunjika inang'aa. Usichungulie ndani ya ncha, mwanga wa kazi hauonekani kwa macho na unaumiza. Kuunga ni kazi ya mwenye mashine ya kuchomea.

Ikibidi kuchimba

Umeshapima, mega imesema, ncha ni safi, basi chimba, pole pole, koleo bapa na sio sururu. Kebo mpya ikae sentimita 60, njia ya gari 75, mchanga chini na juu, utepe wa onyo wa njano kama sentimita 30 juu yake. Jointi usizike, ipandishe kwenye kiboksi kwenye nguzo fupi, ikishindikana tumia seti ya rezini ya kumwaga, fundi anaijua. Piga picha mtaro ukiwa wazi na futi kamba imelala pembeni, kutoka kona ya nyumba.

Yule mzee wa mjusi mtaro wake haukwenda bure kabisa. Nilimwambia kabla hujafukia, tutanue kidogo tulaze paipu ya faiba upande wa pili. Alininunia kama dakika mbili, afu akawaita wale vijana warudi na majembe.